Anti, maneno yote nayajua na bado pepa ya kusoma inaniangusha

Habari yako Anti,

Mimi ni muuguzi, nina diploma, miaka 36, mama wa watoto wawili, nakaa Kiboswa na kazi nafanya kwa hospitali moja ya watu binafsi hapa Kisumu. Huwa nakusoma kimyakimya tu, sikuwahi kudhani siku moja ni mimi nitakuwa naandika, lakini sasa akili imegota na sina mtu wa kumwambia bila kuchekwa.

Nataka kuenda Uingereza kufanya kazi. Huko lazima kwanza upite Kiingereza ndio NMC, lile baraza lao la wauguzi na wakunga, wakuandikishe. Nikachagua OET, ule mtihani wa Kiingereza cha watu wa hospitali, juu niliambiwa ukiwa mtu wa wodi utauona kama nyumbani kuliko IELTS, ule mtihani wa Kiingereza cha watu wote. Nikakopa 60,000 kwa chama, nikajazia na kidogo nilikuwa nayo, nikalipa pepa, nauli ya Nairobi na mahali pa kulala, nikaenda. Hiyo ni miezi minne imepita. Matokeo yakatoka hivi: kusikiliza 360, kuongea 380, kuandika 320, kusoma 310. Kuandika wanakubali kuanzia 300 kwa hivyo hapo nilipita. Lakini kusoma wanataka 350. Yaani Anti, kile kitu niliona ni rahisi kuliko zote, kukaa tu na karatasi na macho yangu, hakuna mtu ananiangalia mdomo, ndio kilinimaliza.

Nikarudi nikasema basi shida ni vokabulari. Kuna mtu aliniuzia PDF ya maneno 3,000 kwa 1,500, ati ukiyamaliza huwezi anguka. Sasa kila siku nachukua 20, nayaandika kwa daftari, neno la Kiingereza upande huu na maana ya Kiswahili upande ule, nayakariri nikipika, nikiosha watoto, kwa matatu kutoka Kiboswa mpaka Kondele midomo ikicheza hadi siku moja konda akaniuliza kama naomba. Ijumaa ikifika ya Jumatatu yameshaenda. Na yale yamebaki siyaoni kwa pepa! Nimekariri "ubiquitous", nimekariri "idiosyncratic", halafu nafungua pepa ya mazoezi nakosa swali ambalo maneno yote ndani yake nayajua. Maneno yote nayajua na jibu nakosa. Nikisoma naenda neno kwa neno, kila moja naligeuza Kiswahili kichwani, nikifika chini ya paragrafu nimesahau juu ilisema nini, narudi tena, dakika zinaisha.

Mwenzangu mmoja kazini aliniambia mbele ya watu, mtu amefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, amefanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kosi yote ya uuguzi imekuwa kwa Kiingereza, anaangushwa aje na komprehensheni. Nilicheka nao lakini nilienda choo nikalia.

Baba watoto anauza mitumba Kibuye, hajawahi nilaumu hata siku moja, lakini naona vile anahesabu pesa usiku akidhani nimelala. Na sasa kuna jamaa ameletwa na rafiki, anasema nikimpea 80,000 atapanga nipate matokeo yamepita bila hata kukalia pepa, ati wengi wameenda hivyo na wako huko wanatuma pesa nyumbani. Sikumpa jibu. Nimempa mpaka mwisho wa mwezi.

Nisaidie Anti. Nisome aje? Ama nimeshachelewa niachane nayo nitulie na kazi yangu? Na huyo jamaa nimwambie nini?

Muuguzi wa Kiboswa

JIBU

Mwanangu, pole kwa hiyo 60,000, na pole zaidi kwa maneno ya mwenzako. Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Nakuru miaka 26, na tangu nistaafu sebule yangu Jumamosi jioni huwa imejaa wauguzi na watu wa maabara wanajiandaa na hizi pepa, kwa hivyo barua yako nimeisoma kama mtu anasoma habari za nyumbani kwake. Kuna mstari mmoja uliandika ukapita mbio, mimi nikasimama hapo. Maneno yote nayajua na jibu nakosa. Shida yako imekaa hapo, na maneno 20 kwa siku hayaifikii.

Lakini wacha kwanza nimalizane na huyo jamaa, juu umempa mwisho wa mwezi na mimi nataka umalize leo. Mwambie hapana, futa namba yake. Mwaka 2023 NMC waligundua matokeo ya kituo kimoja cha mtihani huko Ibadan, Nigeria, hayakuwa ya kawaida, watu walikuwa wanamaliza pepa kwa muda mfupi mno. Hiyo haikuwa pepa ya Kiingereza, ilikuwa ule mtihani wa kompyuta wa uuguzi wenyewe, lakini angalia kilichofuata: mamia ya wauguzi waliambiwa warudie, na baadhi walikuwa tayari wako Uingereza kazini, na uchunguzi ukawafuata hukohuko. Hata wale walioufanya kwa jasho lao waliingia kwa hiyo taabu juu tu walipitia mlango huo. Sasa wewe ulipe 80,000 ununue usingizi mbaya wa miaka kumi? Na mgonjwa wako je, siku utapewa maagizo ya kurasa mbili na hujui umesoma nini? Hiyo biashara ifunge.

Kuhusu mwenzako, mwambie hivi ukitaka, ama usimwambie, lakini wewe ujue. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza waliweka sahihi makubaliano ya wafanyakazi wa afya, na mwaka huohuo Mutahi Kagwe, ndiye alikuwa Waziri wa Afya, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita walikuwa 10. Kumi! Hao wote walifanya KCSE kama wewe, wote walifundishwa uuguzi kwa Kiingereza. Si kwamba wauguzi wetu hawajui Kiingereza, ni kwamba Kiingereza tunachotumia kazini na kile cha hiyo pepa vimeachana mahali, na hakuna mtu hutuonyesha ni wapi.

Mimi nitakuonyesha. Kesho ukiwa kazini chukua chati yoyote uliyoandika wewe mwenyewe uisome polepole. "Pt stable, vitals taken, nil complaints, IV fluids ongoing." Umeona? Hicho ni Kiingereza kizuri cha kazi na kinaokoa watu usiku, lakini ni mifupa imepangwa bila maungio. Hakuna "although", hakuna "unless", hakuna "whereas", hakuna "despite". Miaka kumi na kitu umekuwa ukiandika hivyo, ukisoma hivyo, ukipeana shifti hivyo, na jicho lako limezoea kuokota maneno makubwa ya ugonjwa na dawa na kuruka vile vidogo vya katikati, juu kwa chati vidogo vya katikati havipo. Sasa unaingia kwa pepa ya kusoma na swali lote limesimama juu ya kidogo cha katikati.

Tuchukue mfano, nimeutunga mwenyewe. "Although the new dressing has been credited with faster healing, evidence for its use outside specialist units remains thin." Halafu unaulizwa mwandishi anaonaje. Wewe jicho linaokota "new dressing" na "faster healing", unaweka jibu la kwamba hiyo bandeji inaponya haraka, na hilo jibu wameliweka hapo makusudi likiwa na maneno yaleyale ya kwenye maandishi, linakungoja. Lakini mwandishi hakusema hivyo! "Although" imeshakuambia mapema kwamba hiki kinakuja sasa ndio chepesi, kizito kiko mbele. "Has been credited with" maana yake ni watu wanasema hivyo, yeye mwandishi hajaweka mkono wake hapo. Na "thin" hapa haiko kwa mtu mwembamba, ni ushahidi hafifu. Maneno yote unayajua, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuwa anayajua, na jibu limekutoroka.

Kwa hivyo kwanza, hiyo PDF ya 1,500 iweke kando. Anza daftari lingine la viungo vya sentensi na maneno ya msimamo, yale yanakuambia mwandishi anakubali, anakataa, ana shaka, ama anaripoti tu ya wengine. Yako machache kuliko unavyodhani, sitini hivi yatakutosha kuanzia. "Unless", "provided that", "rather than", "as opposed to", "albeit", "notwithstanding", halafu "outweigh", "account for", "warrant", "attribute to", "call into question", "far from". Usiyaandike na maana ya Kiswahili upande wa pili kama ulivyokuwa unafanya, juu "warrant" peke yake ukiigeuza Kiswahili utapata karatasi ya polisi. Andika sentensi nzima uliyoikuta ukisoma, uweke mstari chini ya hilo neno na lile linatembea nalo. "The symptoms do not warrant admission." Hapo utaikumbuka, juu umemwona mgonjwa na umemrudisha nyumbani.

Kuna kundi lingine lazima nilitaje juu limewaangusha wengi kwa sebule yangu, nayo ni maneno ya kawaida yanageuka maana yakiingia hospitali, ama yanageuka yakitoka. "Unremarkable" kwa ripoti ya eksirei maana yake ni hakuna kibaya kilichoonekana, si dharau. "Tender" ni panapouma ukigusa. "Discharge" ni kuruhusu mgonjwa aende nyumbani na pia ni uchafu unatoka kwa kidonda, sentensi ndio itakuambia. "Insult" kwa ubongo ni jeraha. Hayo wewe muuguzi unayajua tayari, hiyo ni mali yako, lakini yale ya upande wa pili ndio yanakupiga: "address" bila anwani, "yield" bila shamba, "grave" bila kaburi, "sanction" ambayo inaweza kuwa ruhusa na inaweza kuwa adhabu. Na Kiingereza chetu cha Kenya pia kina vyake. Sisi tukisema "severally" tunamaanisha mara nyingi, wenye pepa wakiisoma wanaona kila mmoja kivyake. Hizi ndogondogo usiogope, zikusanye tu ukikutana nazo.

Sasa maneno ya masomo kwa jumla, siwezi kukwambia hayana kazi. Mwaka 2000 mwalimu mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, alichambua maandishi mengi ya vyuo vikuu akatoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia kila fani, na hizo peke yake zinabeba karibu asilimia 10 ya maneno kwa maandishi ya kisomi. Linganisha 570 na 3,000 zako. Hiyo orodha inapatikana bure na iko kwa familia, yaani ukijua "assess" unachukua na "assessment" na "reassess" kwa mkupuo mmoja. Lile "ubiquitous" lako linaweza kungoja. Watafiti wa lugha wanasema ili msomaji aelewe vizuri bila msaada anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ya ukurasa, yaani geni moja kati ya hamsini. Wewe kwa mada za hospitali nadhani hauko mbali na hapo, na hilo moja geni likija usisimame kulililia, soma mpaka mwisho wa sentensi, mara nyingi jirani zake watakusemea.

Ya kusahau Ijumaa yale ya Jumatatu, hiyo si ugonjwa wako pekee. Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaandika mwaka 1885 vile kumbukumbu inamwagika haraka siku za kwanza usipoirudia. Dawa ni kurudia kwa nafasi, na kuna njia ya Sebastian Leitner ya kutumia boksi. Kazini hamkosi boksi tupu za glavu, chukua tatu. Kata kadi ndogo, sentensi mbele ikiwa na pengo mahali pa neno, neno nyuma. Kadi zote zinaanza boksi la kwanza ambalo unalipitia kila siku. Ukipata, kadi inahamia la pili, hilo unalipitia kila baada ya siku tatu, ukipata tena inaenda la tatu la mara moja kwa wiki. Ukikosa, hata kama ilikuwa la tatu, inarudi la kwanza. Kadi tano mpya kwa siku zinatosha, nasema tano, usiniongezee.

Kusoma kwenyewe sasa. Ile karatasi nyembamba imekunjwa mara nane ndani ya boksi la dawa, ile mnatupa kila siku, hiyo ndio kitabu chako. Imejaa "unless contraindicated", "should be withheld", "caution is advised", ni lugha ileile ya sehemu B ya pepa ya kusoma, ile ya vipande vifupi. Beba moja kwa mfuko kila siku uisome kwa matatu. Miongozo ya Wizara ya Afya ya malaria na TB iko hapo kazini imewekwa kwa kabati, isome pia, na kurasa za WHO za kila ugonjwa ni bure kwa simu. Kwa sehemu C, ile ya makala marefu, ambayo ndio ngumu, unahitaji watu wanaobishana. Soma tovuti ya The Conversation, watafiti wanaandika hapo kwa lugha ya mtu wa kawaida na wana msimamo, halafu soma muhtasari wa Cochrane, wale wanaopima tafiti za matibabu, ulioandikwa kwa lugha rahisi, hao ni mabingwa wa kupima maneno, wana "probably", wana "may", wana "little to no difference", na kila moja lina uzito wake. Ukimaliza makala moja funga simu ujiulize kwa Kiswahili, kwa sauti kama uko peke yako: huyu mtu anataka niamini nini, na ni wapi ameonyesha shaka? Ukishindwa kujibu hukusoma, ulitembeza macho.

Nimesema kwa Kiswahili makusudi. Kiswahili chako si adui, kosa ni kukiita kila baada ya neno moja. Kiite mwisho wa paragrafu. Katikati jizoeze kuchukua maneno matatu, manne kwa pamoja kama kifungu, "in the absence of", "at increased risk of", hayo si maneno manne, ni kitu kimoja. Na midomo ifunge. Mimi huwa nawapea wanafunzi wangu kalamu waishike kwa meno, wanacheka, lakini wiki mbili tu midomo imetulia.

Dakika. Nadhani wewe unaamini muda ni mdogo, hebu tuhesabu pamoja. Pepa yote ya kusoma ni dakika 60 na maswali 42. Sehemu A ni dakika 15, maandishi manne mafupi ya mada moja, maswali 20, yaani sekunde 45 kwa swali. Hapo kweli ni mbio na hapo haisomwi yote, unaangalia vichwa na majedwali sekunde 30 ujue nini kiko wapi, kisha unawinda jibu moja moja na unaliandika vile liko kwa maandishi, herufi kwa herufi, juu spelingi mbaya inakunyima alama. Wewe ulivyokuwa unafanya dripu na vipimo hii ni kazi yako ya kila siku, kutafuta kitu kimoja haraka kwa karatasi nyingi. Dakika 15 zikiisha huwezi kurudi hapo. Zinabaki 45 za B na C. B ni vipande sita, kimoja hakizidi maneno 150, na C ni makala mawili ya maneno 800 hivi kila moja. Jumla haifiki mbali sana na maneno 2,500. Hata ukisoma polepole, maneno 125 kwa dakika, umemaliza kwa dakika 20 na unabaki na 25 kwa maswali 22. Kwa hivyo muda upo mwanangu! Unaliwa na kule kurudi juu, kila kurudi ni kusoma makala mara ya pili na ya tatu. Ukitibu viungo vya sentensi huko juu, kurudi kutapungua kwenyewe. Na swali lisiloeleweka jaza kitu usonge, hawakati alama kwa jibu lililokosea.

Pepa za mazoezi usifanye kila siku, utazimaliza na hutajifunza chochote. Moja kwa wiki, siku yako ya ofu, simu ikiwa mbali, saa ikihesabu, na waanzie wale wenyewe wa OET ambao wameweka za bure kwa tovuti yao. Halafu kesho yake na kesho kutwa kaa na makosa. Kila kosa liandikie mistari miwili, kwa nini nilivutiwa na jibu hilo, na ni neno gani hasa kwa maandishi linalithibitisha lile la kweli. Wanafunzi wangu huchukia hii kazi kuliko zote na ndiyo inawapandisha. Wiki ya tatu utaanza kuona unakosa kwa njia ileile, labda ni ile ya kuokota maneno yanayofanana, na ukishaijua njia yako utaanza kujishika mkono kabla ya kuweka alama.

Kuhusu kuchelewa, sikia habari njema ambayo naona hukuambiwa. NMC wanakubali kuunganisha matokeo ya mara mbili, mradi hazijapishana zaidi ya miezi 12 na hakuna sehemu imeshuka zaidi ya nusu gredi chini ya kiwango. Kusoma wanataka B, ndiyo hiyo 350, wewe 310 yako ni C+, nusu gredi chini yake, iko ndani. Zile zingine tatu umeshapita. Kwa hivyo ukirudia lazima ufanye zote nne na usiziache zilale, lakini kile utakuwa unatafuta kweli ni kusoma peke yake, kutoka 310 mpaka 350. Miezi minne imeenda, unabaki na minane. Usilipie kesho. Jipe wiki kumi na mbili za hii kazi, halafu ukipata pepa tatu za mazoezi zimefuatana ambazo umekosa machache na unajua kwa nini umekosa kila moja, ndio ulipe. Chama waeleze ukweli kwamba utarudisha mkopo wa kwanza pole pole kabla ya kuomba kitu kingine.

Na mwambie baba watoto. Si kwamba umeshindwa, mwambie nahitaji dakika arobaini kila siku ambazo hakuna mtoto ananiita, asubuhi kabla ya shifti ama jioni kabla ya kupika, achague yeye. Mtu anayehesabu pesa usiku bila kukulaumu atakupa hizo dakika, na atafurahi kupewa kitu anaweza kutoa ambacho hakitoki kwa mfuko. Mkubwa amshike mdogo, wewe ufunge mlango.

Ukifikisha kadi sitini niandikie tena. Usiniambie umepata ngapi. Niambie ni makosa gani yameisha na ni gani yamekataa kutoka, na uniwekee ile sentensi imekushinda kabisa, tuifungue pamoja hapa.